Boga la Mazoezi

Palikuwa na nchi mbili zilizokunywa maji ya mto mmoja, na kama hilo lingetosha kuwapatanisha watu, hadithi hii ingeishia hapa na sote tungekwenda kulala.

Nchi ya kwanza ilikaa milimani, huko Asia ya ndani, mto unakozaliwa. Jina lake rasmi lilikuwa refu mno, mabalozi walilisoma kwa kupokezana, lakini wenyeji waliiita Juu. Ya pili ilikaa bondeni, mto unakopanuka na kupumzika. Watu waliiita Chini, ingawa serikali yake ilikuwa imepiga marufuku jina hilo kwa kuwa lina dharau, ikaagiza nchi iitwe Mbele. Mbele ya nini, hakuna aliyethubutu kuuliza.

Mpakani, katikati ya mto, palikuwa na fungu la mchanga. Kiangazi lilitokeza kama mgongo wa ng'ombe aliyelala, masika likazama. Halikuota jani wala halikutaga yai, lakini nchi zote mbili zililitaka kwa moyo wote. Chini ilisema fungu liko kwenye maji yake. Juu ilisema kila punje ya mchanga ule imezaliwa katika milima yake, kwa hiyo ni raia wa Juu waliochukuliwa na maji bila hiari yao, na taifa lenye utu halitupi watu wake. Kila kiangazi majeshi mawili yalisimama juu ya fungu yakizomeana, maana yalikatazwa kubeba bunduki huko. Kila masika yaliondoka yakiwa yamelowa hadi viunoni, kila moja likitangaza ushindi.

Majirani wengine, wenye nchi kubwa kubwa, walichoshwa na kelele. Wakaitisha Mkutano wa Usalama wa Kanda, wakala vizuri sana, wakaamua kufufua desturi ya kale. Zamani za wafalme, mfalme wa Juu alimpeleka kifungua mimba wake akalelewe Chini, na mfalme wa Chini akampeleka wake Juu. Vita vikizuka, shingo ya mtoto ndiyo iliyojibu. Basi wafalme wale walipata usingizi, na mto ukatulia. Desturi hiyo ikapewa jina linaloendana na wakati, Mpango wa Dhamana Hai, na mkataba ukasema kila nchi impeleke kwa jirani yake mtu mmoja anayependwa na taifa zima.

*

Baraza la Mawaziri la Juu lilikutana kumchagua mtu huyo, na uzalendo ulioonekana siku ile haujapata kuonekana tena.

"Mimi niko tayari kumtoa mwanangu," alisema Waziri wa Elimu. "Tatizo ni kwamba anasoma ng'ambo. Itakuwa aibu kwangu mimi, wa Elimu, kumkatisha masomo."

"Wangu ana pumu," alisema Waziri wa Afya. "Kule bondeni kuna unyevunyevu."

Jenerali Ulzan, Waziri wa Ulinzi, alisimama. Alikuwa na nishani nyingi hata akitembea alilia kama kapu la vijiko. Akajifuta machozi. "Binti yangu ningemtoa sasa hivi, kabla ya chai. Lakini jeshi zima linampenda. Akiondoka, nani atalinda nchi na moyo umevunjika?" Wakampigia makofi marefu, naye akaenda dirishani kupunga hewa.

Langoni, chini ya dirisha, alimwona ajuza mmoja akimvisha mlinzi sweta.

Ajuza yule aliitwa Bibi Sarnai. Aliishi kilimani nyuma ya wizara, pamoja na mjukuu wake Naran, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Kutoka jikoni kwake Bibi alikuwa akimwona mlinzi wa lango akitetemeka kwenye theluji. Serikali ilikuwa imempa bunduki, filimbi na bendera, ikasahau koti. Bibi akafuma sweta jioni kwa jioni, asubuhi ile akamletea. Mlinzi alipoivaa alimkumbatia mbele ya watu, akalia kama mtoto.

"Yule ni nani?" Jenerali aliuliza.

"Bibi tu, Mheshimiwa."

"Mlinzi anampenda?"

"Naona hivyo, Mheshimiwa."

"Mlinzi ni jeshi, na jeshi ni taifa. Basi taifa linampenda. Mwiteni."

Bibi Sarnai alielezwa heshima aliyopewa. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu, atarudi lini kwa mjukuu wake.

"Utarudi kwake," alisema Jenerali Ulzan, akaweka mkono juu ya nishani. "Nakupa neno la serikali."

Na lisemwe lolote la kusemwa juu ya serikali ya Juu, neno hilo ililitimiza.

Naran wakati huo alikuwa msichana wa kuolewa, mrefu, mwenye maneno machache. Alikuwa na jambo moja ambalo bibi yake peke yake ndiye aliyelijua. Hakuweza kusema uongo bila kukohoa kwanza. Tangu udogoni, akila sukari guru ya wageni na kuulizwa, alikohoa, ndipo akakana. Bibi hakumwambia mtu yeyote, hata Naran mwenyewe hakumwambia mpaka alipokuwa mkubwa. Mtoto asiyejua kudanganya ni kama yai mfukoni. Hulitembezi sokoni.

"Utarudi, Bibi?" Naran aliuliza darajani.

"Nitarudi, mwanangu."

"Na mimi nitakusubiri," alisema Naran, na hakukohoa.

*

Chini walimpokea kwa adabu. Walimjengea Nyumba ya Dhamana mkabala na Wizara ya Usalama, yenye ukuta mmoja wa kioo upande wa barabara, ili raia wapite na kuona kwa macho yao kwamba amani ipo na imeketi. Ndani palikuwa na kitanda, jiko, redio, na kiti kimoja chenye mgongo mrefu kilichoitwa Kiti cha Dhamana.

Palikuwa pia na Koplo Jangar. Cheo chake kiliitwa Msimamizi wa Matokeo, maana yake vita vikianza yeye ndiye atakayemkata Bibi Sarnai shingo, mbele ya kioo, ili matokeo yaonekane. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye mvi za kwanza, na maisha yake yote jeshini alikuwa kinyozi. Wakubwa walimteua kwa hoja moja nzito, kwamba kinyozi amezoea shingo za watu.

"Shikamoo, mama," alisema siku ya kwanza, macho sakafuni. "Mimi ndiye... mimi ndiye niliyepewa ile kazi."

"Marahaba, mwanangu. Kazi ni kazi. Umekula?"

Hakuwa amekula. Bibi akampikia.

Kila asubuhi, bendera ikishapanda, palikuwa na mazoezi ya utayari. Bibi alisogea pembeni, boga lenye ukubwa wa kichwa cha mtu likawekwa juu ya Kiti cha Dhamana, na Koplo Jangar akalikata kwa upanga mbele ya wapita njia, ili wananchi waende kazini na mioyo iliyotulia. Lakini mioyo haikutulia. Jangar alifumba macho kila alipopiga. Siku ya kwanza alichanja kiti, siku iliyofuata alipasua kiatu chake mwenyewe.

"We kinyozi, unanyoa au unapasua kuni?" walimpigia kelele kutoka nje.

"Mpeni bibi upanga akate mwenyewe, tuwahi kazini."

Jangar aliona haya mpaka masikio yakamwiva. Bibi Sarnai alikuwa na udhaifu mmoja, hakuweza kumtazama mtu akiaibika bila kumsaidia.

"Mwanangu, unafumba macho, na boga linajua."

"Linajua nini, mama?"

"Kwamba unaliogopa. Vuta pumzi kwanza. Shusha mabega. Halafu usilipige. Chuma hakipigi, kinapita. Kipitishe tu, kama unavyopitisha wembe."

Haukupita muda mrefu, Jangar akawa anakata boga vizuri kiasi kwamba lilibaki limeketi kitini kama halijasikia habari, kisha nusu ya juu ikateleza polepole. Watu nje walipiga makofi. Bibi naye akapiga makofi. Baadaye akalipika boga kwa sukari guru na iliki, wakala wote wawili wakizungumza habari za watoto wa Jangar na za Naran.

Bibi aliona wema mwingi katika nyumba ile. Siku za baridi kali, kabla ya mazoezi, Jangar aliupasha upanga joto kidogo juu ya mkaa.

"Chuma cha baridi huumiza zaidi, mama," alieleza kwa haya. "Nataka mkono uzoee, ili siku yenyewe nisisahau."

Bibi aliguswa sana. Hakuna mtu aliyewahi kumfikiria kiasi hicho.

*

Huko Juu, Jenerali Ulzan alikuwa halali, na asiyelala huwaza. Siku moja akahutubia taifa.

"Ndugu wananchi. Uchunguzi wa kijeshi umebaini kwamba upendo ni tundu katika ngome. Adui hapigi ukuta, hupiga tundu. Chini wamemshika mtu tunayempenda, kwa hiyo wametushika sisi. Hatuwezi kumrudisha, maana tumeweka saini. Lakini hakuna mkataba duniani unaoweza kutuzuia kuacha kumpenda. Kuanzia leo natangaza Operesheni Moyo Mkavu."

Operesheni ilifanywa kwa bidii. Walimu waliwafundisha watoto kukunja uso wakisikia jina la Bibi Sarnai. Wakaguzi walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza kama kuna mtu anayemkumbuka, na aliyemkumbuka alisaidiwa kusahau. Mlinzi wa lango alisimamishwa palepale kwenye lango lake, theluji ikianguka, akaifumua sweta uzi kwa uzi mpaka akabaki na fulana. Sufu ile ilitumika kufungia bendera. Mlinzi alishikwa na homa ya mapafu, lakini alizikwa kwa heshima zote za kijeshi, na waliokuwepo walisema bendera ilikaa vizuri sana.

Kazi ikabaki kwa mtu mmoja. Wakampeleka Naran redioni.

Kule Chini, Jangar alikuwa akimenya boga aliposikia jina, akanyoosha mkono kuzima.

"Mama, usisikilize."

"Niache, mwanangu."

"Mimi, Naran, mjukuu wa mwanamke huyo," sauti ilisema, nyembamba, kana kwamba inatoka chini ya mlango, "natangaza kwa hiari yangu..." Kikasikika kikohozi, kizito, kirefu. "Natangaza kwamba simpendi."

Muziki wa taifa ukapigwa. Jangar hakujua aangalie wapi.

"Umesikia?" alisema Bibi Sarnai. Uso wake ulikuwa umechanua kama wa bibi harusi. "Amekohoa."

"Ana mafua labda, mama."

"Labda," alisema Bibi, akatabasamu mpaka jioni.

*

Kiangazi kilipofika na fungu likatokeza, Juu ilimtuma hakimu akauapishe mchanga. Hakimu alisimama juu ya fungu katika joho lake, akausomea ule mchanga kiapo cha uraia, na kwa kuwa mchanga haukukataa, akatangaza kwamba umekubali.

Chini haikuweza kunyamazia jambo hilo. Mheshimiwa Dashtum, Waziri wa Usalama, mtu mnene, mpole, aliyependa sheria kuliko chakula, alivuka barabara na mawakili wake, akaingia Nyumba ya Dhamana.

"Samahani sana, mama," alisema. "Ni leo."

"Hakuna neno, baba. Niache niivue sufuria motoni, isiungue."

Bibi akaivua sufuria, akaketi kwenye Kiti cha Dhamana. Nje watu walijaa kwenye kioo, wamewabeba watoto mabegani. Jangar akaupasha upanga joto. Lakini mkataba ulitaka, kabla ya matokeo, nchi inayoumizwa iulizwe. Mheshimiwa Dashtum akaletewa simu.

"Haloo, Jenerali. Hapa tuko tayari. Kwa mujibu wa mkataba nakuuliza, tukimkata, mtaumia?"

"Hatutaumia, Mheshimiwa. Karibuni."

"Hata kidogo?"

"Tumeifanya kazi hiyo mwaka mzima. Mjukuu wake mwenyewe haumii, mmemsikia redioni. Endeleeni tu. Na mama watoto hajambo?"

Mheshimiwa Dashtum alirudisha simu, akaketi kitandani bila kukaribishwa. "Tumekuwa tukimlisha mtu asiye na maumivu ndani yake," alisema.

"Ndiyo taabu, Mheshimiwa," alisema wakili. "Matokeo ni lazima yaumize. Kumkata mtu ambaye kifo chake hakimuumizi yeyote ni kuua tu."

"Na sisi si wauaji," alisema Mheshimiwa Dashtum. "Sisi ni serikali."

Hapo wakasikia kitu kinadondoka, tone, tone. Koplo Jangar alikuwa amesimama nyuma ya kiti, upanga juu, mabega chini, macho wazi kama alivyofundishwa, na machozi yalimtiririka kidevuni yakaangukia kwenye shali ya Bibi.

"Koplo, unalia?"

"Silii, Mheshimiwa."

"Unalia. Unaumia?"

Mheshimiwa akageuka kwenye kioo. Nje nako walikuwa wakilia, wale wale waliokuwa wakipigia boga makofi, hata aliyesema bibi apewe upanga akate mwenyewe.

"Kumbe anapendwa," alisema Mheshimiwa polepole. "Na wanaompenda ni sisi. Juu wametuachia mtu wao mpaka tukampenda bila kujua. Hii ni hujuma." Akafikiri zaidi, uso ukamng'aa. "Au ni ushindi. Wao walikuwa na mtu wa kupendwa, sasa tunaye sisi."

Habari zilitangazwa kama ushindi. Mzunguko wa barabara ulipewa jina la Bibi Sarnai, na aina moja ya biskuti za tangawizi pia. Ikawa dhahiri kwamba mtu anayependwa na taifa zima la Chini sasa ni yeye. Na mtu wa namna hiyo, mkataba ulisema, mahali pake ni Juu, kama dhamana ya Chini. Tayari kulikuwa na dhamana ya Chini huko, mpiga zumari mmoja aliyeitwa Mzee Bolat, lakini Juu walilalamika kwamba siku hizi amekuwa mkimya.

"Unarudi nyumbani, mama," Jangar alimwambia.

"Nilijua. Jenerali alinipa neno."

Asubuhi ya safari Jangar alimnyoa nywele za kisogoni, awe nadhifu mbele ya mjukuu wake. Wembe ulipita bila kusikika.

"Nimekukata, mama?"

"Hapana, mwanangu. Una mkono mwepesi sana siku hizi."

Jangar alivishwa nishani asubuhi kwa kuteka upendo wa adui, na mchana akahamishiwa kwenye fungu la mchanga kwa kosa la kumpenda dhamana kazini. Mvua ziliwahi mwaka ule. Askari wa pande zote mbili waliomba ruhusa ya kuondoka, na wizara zote mbili zikajibu kwamba anayetangulia kuondoka ameshindwa. Maji yalifika magotini, kiunoni, kifuani, nao wakaendelea kuzomeana kwa sauti iliyozidi kuwa nyembamba. Mwishowe ruhusa ya Juu ilitoka kwanza, maana karani wao wa simu alikuwa hajaenda kula. Ya Chini ilitoka baada ya chakula. Lakini maji yana huruma yake. Yalimshusha Jangar hadi karibu kabisa na kijiji chake, na mkewe hakuhitaji kusafiri kwenda kumzika.

*

Nyumba ya Dhamana ya Juu ilikuwa na kioo kile kile na kiti kile kile. Karibu na dirisha aliketi Mzee Bolat, kofia imemfunika macho, zumari mapajani.

"Hujambo, mzee mwenzangu?" alisema Bibi Sarnai.

Hakujibiwa. Bibi akadhani ana kiwewe cha ugeni, akamtandikia shali magotini. Kwa kweli Mzee Bolat alikuwa amekufa kwa mafua tangu baridi ya kwanza, lakini dhamana iliyojifia yenyewe haimtishi mtu, na milimani hewa ni kavu, mtu hukaa bila kuoza. Walimwondoa siku ile ile, kwa upole, pamoja na shali.

Kisha akaingia Msimamizi wa Matokeo. Juu walikuwa wamejifunza kutokana na aibu ya Chini. Safari hii walitaka mtu ambaye hawezi kamwe kumpenda dhamana, na katika nchi nzima alikuwepo mmoja tu aliyethibitisha hilo hadharani, kwa sauti yake mwenyewe, hewani.

Naran alivaa sare yenye mikono mirefu kuliko yake. Upanga ulimning'inia kiunoni kama mwiko. Afisa wa Ukaguzi alisimama kati yao, kijana mwenye miwani, mwenye adabu.

"Unampenda mwanamke huyu?" aliuliza, kama ilivyo desturi ya kuanza kazi.

Naran akakohoa. "Simpendi."

"Vizuri," alisema Afisa, akaenda zake.

Wakabaki wawili. Watu walikuwa wakipita nje ya kioo, kwa hiyo hawakuweza kukumbatiana. Naran alijifanya anakagua kiti.

"Bibi, nilikohoa. Redioni. Ulisikia?"

"Nilikusikia kabla hujasema, mwanangu."

"Nilikohoa kwa nguvu makusudi. Nilijua utasikia."

"Umekonda. Unakula nini?"

Ukaanza wakati ambao Bibi Sarnai aliuhesabu miongoni mwa nyakati njema za maisha yake. Asubuhi palikuwa na boga. Naran aliogopa upanga kuliko hata Jangar, na wapita njia wa Juu hawakuwa na ulimi mtamu.

"We binti, boga halijakufanya kitu, mbona unalibembeleza?"

"Muulize bibi yako linakatwaje, wanasema ndiye fundi."

Bibi alikuwa hajabadilika. "Vuta pumzi," alinong'ona kutoka pembeni. "Macho wazi. Upitishe tu." Mchana walikula boga. Alipokuwa akipika, Bibi alimweleza habari za Jangar na upanga wake wa joto, na Naran akaanza naye kuupasha upanga joto, kwa kumbukumbu yake.

Taabu ilikuwa kikohozi. Kila mwezi Afisa wa Ukaguzi alikuja na swali lake, na kila mwezi Naran alikohoa. Mara ya kwanza Afisa alisema pole. Mara ya pili alileta daktari wa wizara, aliyepiga kifua na kukiona safi kama kengele. Mara ya tatu Afisa hakusema pole. Alivua miwani, akaifuta taratibu.

"Ajabu," alisema. "Hukohoi ukikata boga. Hukohoi ukiniamkia. Ila nikiuliza swali hili moja."

"Ni vumbi, afande," alisema Naran, akakohoa.

"Nitarudi," alisema Afisa. "Aliyempenda kule Chini, nadhani mmesikia alipopelekwa."

Bibi Sarnai hakula siku ile. Siku iliyofuata aliomba asali, tangawizi na mafuta ya kondoo, akaletewa, maana hakuwa amewahi kuomba kitu. Alimchemshia Naran dawa ya kifua aliyofundishwa na mama yake, akampaka mafuta, akamfunga kitambaa cha sufu. Lakini alijua kwamba ugonjwa hauko kifuani, kwa hiyo akamtibu na kwa njia nyingine. Alimketisha mbele yake, akamuuliza lile swali yeye mwenyewe.

"Unampenda?"

Naran akakohoa.

"Tena. Vuta pumzi kwanza, shusha mabega. Usilipige neno, lipitishe tu. Unampenda?"

"Bibi, siwezi."

"Utaweza, mwanangu. Hata Jangar alidhani hawezi. Niangalie mimi. Unampenda?"

Walifanya hivyo kila siku baada ya boga. Mwanzoni Naran alilia. Kisha akakohoa bila kulia. Kisha kikohozi kikawa kidogo kama cha mtu anayebisha hodi, kisha kikawa pumzi tu. Na siku moja, mvua zikikaribia kwisha, alisema, "Simpendi," kwa sauti laini, iliyonyooka, akiwa anamtazama bibi yake usoni.

"Umeona?" alisema Bibi, akambusu kiganjani kwa kificho, maana nje kulikuwa na watu. "Sasa hawatakupata."

Naran alinyanyuka akaenda kuosha upanga. Siku zile alikuwa anakata boga vizuri sana. Watu walikuja na chakula chao kutazama.

*

Kiangazi kikarudi, fungu likatokeza. Chini, katika kumuenzi shujaa wao, walisimamisha juu yake kiti cha kinyozi cha mawe, kumbukumbu ya Koplo Jangar. Juu haikuweza kunyamazia jambo hilo.

Jenerali Ulzan alikuja mwenyewe, akilia kama kapu la vijiko, pamoja na Afisa wa Ukaguzi na simu.

"Mama, umeona? Nilikuahidi utarudi kwa mjukuu wako," alisema, na macho yake yalikuwa na unyevu wa kweli.

"Nashukuru, baba. Uliahidi na ukatimiza."

Jenerali akapiga simu. Sauti ya Mheshimiwa Dashtum ilisikika chumbani kote.

"Tukimkata, mtaumia?" aliuliza Jenerali.

"Tutaumia sana, Jenerali," alisema Mheshimiwa Dashtum kwa majivuno. "Tutaumia kuliko mlivyowahi kuumia nyinyi. Tuna mzunguko wa jina lake. Tuna biskuti."

"Nashukuru kwa kunirahisishia," alisema Jenerali.

Bibi Sarnai aliketi kitini. Akavua shali shingoni mwenyewe, akaikunja, akaiweka kando mahali ambapo Naran angeiona, maana ilikuwa sufu nzuri na baridi ya milimani hurudi haraka. Nyuma yake alisikia upanga ukitolewa kwenye mkaa.

"Swali la mwisho, kwa mujibu wa kanuni," alisema Afisa wa Ukaguzi, akimkaribia Naran mpaka miwani ikakaribia kumgusa. "Unampenda mwanamke huyu?"

Bibi Sarnai akatega sikio. Ilikuwa mazoea ya miaka mingi, tangu enzi za sukari guru. Alimsikia Naran akivuta pumzi. Alimsikia akishusha mabega.

"Simpendi," alisema Naran.

Sauti ilikuwa safi, haina mkwaruzo. Bibi alingoja kidogo, pengine kikohozi kingekuja baadaye. Hakikuja. Ile dawa ilikuwa imefanya kazi vizuri sana.